Mawe Yaliyochongwa ya Kisian

Mtu atokaye Kisumu kwa barabara ya magharibi hufika Kisian, mahali ambapo njia hugawanyika mara mbili. Moja huendelea Maseno na Busia, na ya pili hushika upande wa ziwa kwenda Bondo. Mkono wa kulia kuna vilima vyenye mawe makubwa meusi. Mkono wa kushoto mashamba hushuka taratibu mpaka kwenye ghuba ya Winam. Mkulima wa huko ameyazoea mawe. Kila msimu huyatoa shambani kabla ya kupanda mahindi na mtama, huyarundika mpakani, kisha huendelea na kazi yake bila kuyafikiria tena.

Lakini mara nyingine jembe hugonga jiwe lisilofanana na wenzake. Ni jiwe refu kama kiganja pamoja na vidole, limekonda kuelekea ncha, na kando zake zote mbili zina mapengo madogo yaliyopangana kama magamba ya samaki. Mtoto huliokota akamwuliza babu yake, "Babu, nani aliyelitengeneza jiwe hili?" Babu huligeuza mkononi, akasema kwamba yeye naye alipokuwa mtoto aliyaona yako vivyo hivyo, na kwamba babu zake hawakusema kuwa ni kazi yao. Jibu hilo ni la kweli kuliko linavyoonekana, maana mawe hayo yalikuwako kabla Wajaluo hawajafika katika nchi hii, na kabla ya watu wengine wote wanaokumbukwa kwa majina.

Si ajabu watu kushangazwa na mawe ya namna hiyo. Katika nchi nyingi za Ulaya wakulima waliokota mashoka ya mawe mashambani, wakaamini kwamba yameanguka kutoka mbinguni pamoja na radi. Baadhi yao waliyaweka nyumbani ili radi isiipige nyumba. Wayoruba wa Nijeria nao waliyahesabu mashoka ya mawe kuwa ni mawe ya Sango, mwenye radi. Basi watu waliokaa mbali sana, wasiopata kuonana, walifikia wazo moja, kwa kuwa walikutana na fumbo moja: jiwe lenye dalili za mkono wa mtu, na hapana mtu anayemjua mwenye mkono huo.

Mwaka 1797 Mwingereza mmoja, John Frere, aliwaandikia barua wataalamu wa mambo ya kale mjini London. Aliwaeleza habari za mawe yaliyochongwa yaliyopatikana Hoxne, katika shimo la udongo wa kufyatulia matofali. Yalikuwa chini sana ardhini, chini ya matabaka yaliyohitaji muda mrefu mno kujengeka. Frere akasema kwamba waliofanya silaha zile waliishi katika zama za mbali kupita dunia ya sasa. Katika barua hiyo alieleza pia kwamba wachimbaji, kabla ya kujua kuwa mawe yale yana maana, walikuwa wamemwaga vikapu vizima katika makorongo ya barabara ili magurudumu yasizame. Barua ilipigwa chapa mwaka 1800, lakini watu hawakuijali. Ilipita karibu miaka 60 mpaka mwaka 1859, ndipo wataalamu walipokubali kwa jumla kwamba binadamu alikuwako duniani tangu zama za kale sana. Habari ya vikapu vile yafaa ikumbukwe, maana itarudi hapa chini.

Katika nchi ya ziwa, mtu aliyeyatazama mawe haya kwa makini kabla ya wengi alikuwa padre. Walter Edwin Owen alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1904 katika kazi ya misheni, akatumika kwanza Uganda. Mwaka 1918 aliwekwa kuwa arkidikoni wa Kavirondo, kama nchi hiyo ilivyoitwa wakati ule. Wazee wengi walimkumbuka zaidi kwa chama cha walipa kodi cha Kavirondo alichokisimamia tangu mwaka 1923, na kwa barua zake kali za kutetea wenyeji katika habari za kodi, kipande na kazi ya kulazimishwa. Lakini Owen alikuwa na tabia nyingine. Alipozuru makanisa ya vijijini, macho yake yalikuwa ardhini. Penye korongo jipya lililokatwa na mvua, au penye udongo uliochimbuliwa, alitazama kama kuna vibanzi vya mawe au vigae vya vyungu.

Mwaka 1938 Owen aliandika makala katika jarida la Man la London, akaeleza ufundi wa mawe alioupa jina la Kombewa. Kombewa iko Seme, mwendo mfupi kutoka Kisian kwa njia ya Bondo. Tangu hapo jina hilo limeenea duniani. Mwanafunzi wa mambo ya kale akiwa Ufaransa, Israeli, India au Ethiopia hulisoma neno "Kombewa" katika vitabu vyake, hata kama hajui kwamba Kombewa ni mahali penye soko, shule na mashamba ya watu walio hai. Ni majina machache ya vijiji vya Kenya yaliyosafiri mbali kiasi hicho.

Ufundi wenyewe ni upi? Ili kuufahamu, sharti kwanza kujua jinsi jiwe linavyopasuka. Fundi akishika jiwe gumu la kugongea na kulipiga jiwe jingine karibu na ukingo wake, kipande hubanduka. Kipande hicho huitwa kibanzi. Upande wa ndani wa kibanzi, pale ambapo nguvu ya pigo ilipita, huwa na nundu ndogo iliyovimba kama shavu la mtoto. Nundu hiyo ni kama sahihi ya pigo. Jiwe lililopasuka kwa moto au kwa baridi na joto aghalabu halina.

Mafundi wengi wa kale walibandua vibanzi wakavitumia hivyo, au wakavichonga kando ili vipate sura. Fundi wa Kombewa alifanya jambo la ziada. Kwanza alibandua kibanzi kikubwa na kinene. Kisha alikigeuza kibanzi hicho, akakipiga tena ili kubandua kipande kutoka penye nundu yenyewe. Kipande kilichotoka kilikuwa kimevimba pande zote mbili, kama punje ya dengu, na kingo zake kali zikakizunguka karibu chote. Hakikuhitaji kuchongwa zaidi. Pigo moja lililopangwa vema lilitoa chombo kilicho tayari.

Hapo ndipo palipo na jambo kubwa. Pigo la kwanza halikuwa na faida peke yake. Faida yake ilikuwa katika pigo la pili. Fundi alilazimika kuona kwa akili kitu ambacho hakijawako, akatengeneza kitu kimoja ili kukipata kingine. Ndivyo afanyavyo seremala akatapo ubao kwa kipimo cha mlango ambao bado haujasimama, na ndivyo afanyavyo mkulima atengapo mbegu asizozila. Mtu akiliokota jiwe hilo na kusema ni la washenzi wasiokuwa na akili, jiwe lenyewe humshuhudia kinyume.

Karibu zaidi na Kisian, upande wa Ojola, kuna mto mdogo uitwao Muguruk. Owen alipajua mahali hapo, akaokota mawe mengi yaliyochongwa. Yapata mwaka 1980 mtaalamu wa Kimarekani, Bibi Sally McBrearty, alipachimba kwa utaratibu wa kitaalamu, tabaka baada ya tabaka, akatangaza habari zake kwa ukamilifu mwaka 1988. Alipata zama mbili, moja juu ya nyingine. Chini kulikuwa na mawe makubwa na mazito: yenye umbo la sururu, na mengine marefu, membamba, yaliyochongwa pande zote mbili kama jani la mwembe. Tabaka hilo alilipa jina la Ojolla. Juu yake, katika tabaka aliloliita Pundo Makwar, yale mawe mazito hayakuwako tena; palikuwa na vibanzi vyepesi vilivyobanduliwa kutoka mawe yaliyoandaliwa kwanza kwa ustadi. Mafundi wa zama zote mbili walitumia jiwe jeusi la volkano la papo hapo, ndilo hilo hilo linalokwaruza jembe la mkulima hata leo.

Mawe mazito ya namna ya Ojolla yamepatikana mahali pengi Afrika. Wataalamu huyaita ya Sango, kwa sababu yalitambuliwa kwanza mwaka 1920 na E. J. Wayland katika Ghuba ya Sango, upande wa Uganda wa ziwa hili hili. Zama zake ziko katikati: baada ya mashoka ya mkono kama yale ya Olorgesailie na Kariandusi, na kabla au mwanzoni mwa zama za vibanzi vyepesi vilivyofungwa katika mpini. Huko Olorgesailie, kusini ya Nairobi, imeonekana kwamba mawe ya namna hii ya pili yalikuwa yakitumika yapata miaka 300,000 iliyopita.

Yalikuwa ya kazi gani? Wataalamu wa zamani walisema yalikuwa ya kukatia na kuchongea miti, wakafikiri kwamba waliokuwa nayo walikaa katika misitu minene. Wengine wakasema ni ya kuchimbulia mizizi. McBrearty, aliyechunguza pia mahali paitwapo Simbi si mbali na Kisumu, alionya kwamba nchi yenyewe haikuwa msitu kila mahali, na kwamba haifai kuhukumu maisha ya watu kwa umbo la jiwe peke yake. Kibanzi kimoja huweza kukata nyama asubuhi na kuchonga fimbo jioni. Mpini wa mti huoza, kamba ya ngozi huoza, mfuko huoza. Jiwe husalia peke yake, kama neno moja lililobaki katika barua iliyonyeshewa.

Ng'ambo ya ghuba, katika rasi ya Homa, kuna ushahidi wa zamani zaidi ya huo. Mwaka 1938 nchi ya ziwa ilimfikia msomaji wa London kwa jina la Kombewa. Mwaka 2023 ilimfikia msomaji wa dunia nzima kwa jina la Nyayanga. Wachunguzi walitangaza kwamba huko wamepata mawe yaliyochongwa yapatayo 330, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, na meno mawili ya kiumbe wa jamii ya binadamu wa kale aliyekwisha kutoweka. Umri wake ni kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Kutoka Nyayanga hata Ojola ni safari fupi kwa mashua na kwa miguu. Kwa wakati ni safari ya vizazi vingi mno. Hata hivyo kazi ni moja: mkono, jiwe, na pigo lililokusudiwa.

Sasa yafaa kusimulia jambo lililotokea katika nchi nyingine, kwa kuwa lina mafundisho kwa watu wa Kisian. Katika Amerika ya Kati kuna nchi iitwayo Costa Rica. Katika bonde la Diquís, wenyeji wa kale, walioishi kabla ya safari za Christopher Columbus, walichonga mawe ya mviringo kamili kama mpira. Mengine ni madogo, na mengine yana upana wa zaidi ya mita 2 na uzito wa tani nyingi. Katika miaka ya 1930 kampuni ya ndizi iliposafisha msitu ili kupanda migomba, wafanyakazi waliyakuta mawe hayo. Uvumi ukaenea kwamba ndani yake mna dhahabu. Watu wakayatoboa, wakatia baruti, wakayapasua. Ndani mlikuwa na jiwe tu.

Mengine hayakupasuliwa, bali yalihamishwa kwa matrekta, yakapelekwa kupamba bustani na milango ya nyumba za wakubwa. Hayo yako salama hata leo, mtu huweza kuyapapasa. Lakini wataalamu walipofika katika miaka ya 1940 waligundua kwamba machache yaliyosalia mahali pake yalikuwa yamepangwa kwa makundi na mistari. Yale yaliyohamishwa yalikuwa yamekwisha kupoteza mpango wake. Basi jiwe lililopasuliwa na jiwe lililopambiwa bustani yote mawili yalinyamaza. La kwanza kwa kuvunjwa, la pili kwa kuondolewa mahali pake. Mwaka 2014 mahali panne pa mawe hayo paliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mawe yaliyohamishwa hayawezi tena kueleza yalikosimama.

Vilima vya Kisian na Ojola havina mipira ya mawe, wala havina uvumi wa dhahabu. Vina kokoto. Watu wengi, wake kwa waume, hupata riziki kwa kupasua mawe kwa nyundo na kuyauza kwa wajenzi wa nyumba na barabara. Mtu asiwalaumu. Mama avunjaye kokoto tangu alfajiri apate karo ya shule hana sababu ya kuogopa jiwe lenye magamba kando yake. Lakini hapo ndipo vikapu vya Hoxne vinaporudi. Waliomwaga mawe yale katika makorongo ya barabara hawakuwa wabaya. Walikuwa watu wa kazi ambao hapana aliyewaeleza. Kosa ni la yule anayejua asiseme.

Basi yamfaa kila mkulima, mchimbaji na mwalimu kujua dalili za jiwe lililochongwa. Kwanza, atafute nundu upande mmoja wa kibanzi. Pili, atazame kando zake: mapengo yaliyofuatana kwa utaratibu ni kazi ya mtu, bali pengo moja hapa na moja kule huweza kuwa kazi ya kwato, gurudumu au jembe. Tatu, aangalie rangi. Jeraha la kale katika jiwe huwa limechakaa na kufanana na uso wa jiwe zima. Jeraha la jana huwa jipya na lenye rangi tofauti. Nne, ahesabu. Jiwe moja huweza kudanganya, lakini vibanzi kumi mahali pamoja, vyenye nundu kila kimoja, havidanganyi.

Akiisha kuliona, afanye nini? Mawe yaliyo bado katika udongo ayaache yalivyo, asiyachimbue kwa pupa. Asiyaoshe wala kuyakwangua. Asiyachanganye na mawe ya shamba la jirani katika gunia moja, maana hapo atakuwa amefanya kama watu wa Diquís. Aandike katika daftari siku, mahali, urefu wa shimo na rangi ya udongo. Ikiwa ana simu yenye kamera, apige picha huku jiwe liko mahali pake, na kando yake aweke kalamu ili ukubwa uonekane.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inasema kwamba mtu akigundua kitu cha kale sharti atoe habari kwa Makumbusho ya Taifa katika muda wa siku 7, akieleza mahali hasa na jinsi alivyokigundua. Sheria hiyo hiyo yasema kwamba vitu vya kale vilivyo ardhini ni mali ya Serikali. Kwa watu wa Kisian safari si ndefu. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yako mjini. Asiyeweza kwenda na aanze kwa chifu au kwa mwalimu.

Wengine husita, wakisema, "Nikisema, shamba langu litachukuliwa." Hofu hiyo haifai kudharauliwa, kwa kuwa habari za ardhi zimewaumiza wengi. Yafaa kwa hiyo mtu aende pamoja na mzee wa kijiji, atake jina la ofisa aliyempokea, na aandikiwe stakabadhi ya kitu alichokabidhi. Mwananchi atoaye habari kwa karatasi huwa na nguvu kuliko yule anayeficha. Tena kuna faida ya kuonekana. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga, huko Migori, zilitunzwa na wenyeji kwa miaka mingi kabla ya kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Zisingekuwako za kuorodheshwa kama watu wangezibomoa ili wajengee mazizi.

Makarani wana methali yao: mali bila daftari hupotea bila habari. Jiwe la Kisian ni mali, na daftari lake ni udongo linamolala. Fundi wa kale hakujua kuandika. Alichokiacha ni pigo la kwanza na pigo la pili, tabaka la chini na tabaka la juu, na kila kitu mahali pake. Mwenye jembe leo ndiye mtu wa kwanza kulifungua daftari hilo tangu lilipofungwa, na akiling'oa jiwe bila kutazama, ukurasa ule hausomwi tena na mtu ye yote.